Chupa Tatu za Mama Kutu

Ndugu waombolezaji, majirani, wanafunzi wa zamani na wafanyakazi wenzake, maneno haya yameandikwa na mume wa marehemu na yanasomwa na mdogo wa kiume wa mume huyo, kwa sababu mwandishi alijaribu kuyasoma kwa sauti jikoni mara nne na hakufika mwisho, na marehemu hakupenda kazi iliyoanzwa ikaachwa katikati.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kutu na yeye akaitika, alizaliwa Alhamisi, tarehe 17 Machi 1966, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha tatu cha nyumba za wafanyakazi wa mgodi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne, baba yake akiwa fundi wa pampu za kutoa maji chini ya ardhi na mama yake fundi cherehani. Nyuma ya nyumba zile kilipita kijito chenye maji ya rangi ya chungwa, kisicho na samaki wala chura, na mgeni aliyefua shuka nyeupe humo aliianua ya kahawia, akachekwa mtaa mzima. Kila baada ya miezi michache baba alirudi kutoka kazini na kipande cha bomba la chuma kilichotoboka kama chujio, akakiweka mezani mbele ya watoto na kusema, "Maji haya yana meno." Binti yake, akiwa na miaka saba, aliuliza ni meno ya nani, na baba akamjibu, "Ukimwona mwenyewe niitie, nimchape."

Alisoma shule ya msingi ya mgodini kuanzia Januari 1973 hadi Novemba 1979, akaendelea na sekondari kuanzia 1980 hadi 1983 katika shule ya wasichana ya bweni, na sekondari ya juu 1984 na 1985, ambako alikuwa wa pili katika kemia, na hadi mwaka jana alikuwa bado anaeleza kwa nini hakuwa wa kwanza. Alijiunga na chuo kikuu Oktoba 1987, na katika mwaka wake wa pili, alipopewa darubini kwa mara ya kwanza bila kugombania zamu, aliweka chini yake tone la maji ya kijito aliyokuja nayo kutoka nyumbani katika chupa ya dawa ya kikohozi, akaona vijiti vidogo vidogo vinavyotembea, akamwandikia baba yake barua ya mstari mmoja, "Baba, nimeyaona meno." Baba naye alijibu kwa neno moja, ambalo familia inalitunza pamoja na bahasha yake, "Mangapi?"

Swali hilo, kwa namna moja au nyingine, ndilo aliloshughulika nalo maisha yake yote. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1990, ya pili mwaka 1993 na ya uzamivu tarehe 24 Novemba 2000, na utafiti wake wote ulihusu mambo yanayoathiri uoksidishaji wa chuma na salfa unaofanywa na bakteria, maneno ambayo alipoulizwa na mama mkwe wake aliyafupisha hivi, "Mama, kuna wadudu wasioonekana, mawe ya mgodi yenye chuma na kiberiti ndiyo chakula chao, wakila wanaacha asidi na kutu, mimi natafuta nini kinawapa hamu ya kula na nini kinawafunga mdomo." Mama mkwe akasema, "Kama shemeji yako tu," na tangu siku hiyo walipatana.

Majibu aliyoyapata hayakuwa mengi, lakini kila moja lilimgharimu miaka. Aligundua kwamba wadudu wa kijito kile walipenda joto la nyuzi thelathini, wakipungua kasi kwenye ishirini na kufa kwenye arobaini na tano, kwamba walihitaji uchachu ambao ungetoboa shati, kwamba bila hewa walilala, kwamba jiwe lililosagwa waliliwahi kuliko jiwe zima kwa sababu lina nyuso nyingi, na kwamba kutu yao wenyewe ikizidi iliwalemea. Aligundua pia, na hili ndilo alilopenda kulisema darasani, kwamba chumvi ya mezani iliwadhoofisha na sukari iliwaua. Aliwaambia wanafunzi, "Hawa hawali mnachokula nyinyi, ukiwahurumia kwa vyakula vyako umewamaliza."

Alikutana na mume wake Jumanne, tarehe 9 Juni 1992, kando ya kijito kile kile, mume akiwa mpima ardhi aliyetumwa kupima ukingo wa bwawa la mgodi, naye akiwa amepiga magoti kwenye tope na chupa zake kumi na mbili. Mpima alisimika kifaa chake mahali palipoonekana pametulia, na bila kuinua kichwa dada yule akamwambia, "Kaka, hiyo miguu mitatu umeisimika juu ya mwaka wangu mmoja wa kazi." Mpima alihamisha kifaa mita nne, hatua iliyomlazimu kurudia vipimo vyote vya ukingo ule kwa siku tatu, na katika siku hizo tatu alipewa kazi ya kushika vifuniko vya chupa. Kati ya chupa kumi na mbili za siku ile ya kwanza ni moja tu iliyotoa wadudu walioweza kuishi maabara, na wadudu hao marehemu aliwatunza tangu hapo, akiwahamishia kwenye maji mapya yenye chuma Jumanne moja kila wiki mbili, bila kuruka hata moja.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1994. Baba wa bibi harusi, alipokuwa akimkabidhi, alimwambia mkwewe mbele ya watu, "Mimi nilimtuma amkamate mwizi wa mabomba, yeye amemweka ndani na anamlisha, kwa hiyo angalia." Siku ya kumi ya ndoa walirudi mjini mapema kwa sababu ilikuwa Jumanne ya chupa. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1996, ambaye akiwa na siku tisa alisubiri mikononi mwa baba yake nje ya mlango wa maabara wakati mama akihamisha wadudu, na kijana aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2001. Watoto hao walikua wakijua kwamba rangi ya kijani kibichi kwenye chupa ni njaa na rangi ya kahawia ni shibe, na kwamba chupa yenye uhai huacha pete ya kutu kwenye kioo, isiyotoka hata ukisugua kwa mchanga.

Aliajiriwa chuo kikuu kama mhadhiri msaidizi tarehe 1 Septemba 1993 na akafundisha huko hadi alipougua, miaka ishirini na mitano. Mgodi ulifungwa mwaka 1998, ukaacha kilima cha vifusi chenye ukubwa wa viwanja saba vya mpira, na mvua ikinyesha juu yake wadudu walikula, na asidi ikashuka kijitoni, na kijito kikashuka kwenye nyumba za watu. Tarehe 1 Machi 2009 marehemu alianza kazi aliyoiita ya uzeeni, ingawa alikuwa na miaka arobaini na miwili tu, akatenga vipande vinne vya kifusi, kimoja akakifunika kwa udongo wa mfinyanzi, kimoja akakizamisha majini, kimoja akakichanganya na chokaa, na kimoja akakiacha wazi, ili ijulikane ni mfuniko upi unaowafunga wadudu mdomo mwaka hadi mwaka. Kila Februari alipima asidi iliyotoka katika vipande vyote, na siku hiyo hiyo akawapa wadudu wake wa chupa mawe yale yale, kama mtu anayeweka jiwe la mizani upande wa pili. Kamati ya wakubwa iliyokuwa na uwezo wa kufunika kilima kizima ilisema itaamua ikipata vipimo kumi, vya miaka kumi, kwa wadudu wale wale. Kufikia mwaka jana alikuwa na tisa. Cha kumi kilikuwa kifanyike mwezi ujao, Februari 2019.

Ugonjwa ulianza Juni 2018 kwa maumivu ya mgongo, ambayo yeye mwenyewe aliyasingizia kiti cha maabara, akabadilisha kiti. Tarehe 14 Agosti, baada ya vipimo vya wiki mbili, daktari alieleza kwamba ni saratani ya kongosho na kwamba imeshafika kwenye ini. Marehemu aliuliza maswali sita, akayaandika majibu, akamshukuru. Mume wake, ambaye kazi yake ni namba, alibaki nyuma akamwomba daktari amwandikie vipimo, ale nini, kiasi gani, saa ngapi, chumba kiwe na joto gani, na daktari akamtazama kwa upole akasema, "Mzee, mpe anachoweza." Mume alirudi nyumbani na maneno hayo mawili na hakujua ayafanyie nini.

Ilipofika Oktoba na kutembea kukawa shida, marehemu aliomba wadudu waletwe nyumbani. Akiba iliyogandishwa maabara ilikuwa imeharibika mwaka 2017 umeme ulipokatika siku nne, hivyo waliobaki duniani wa ukoo ule walikuwa katika chupa tatu. Fundi wa maabara, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, alizileta akiwa amezipakata kwenye gari kama mayai, wakaziweka chumbani katika kabati dogo karibu na dirisha, na taa ya balbu kwa ajili ya joto na pampu ndogo ya tangi la samaki kwa ajili ya hewa. Kwenye mlango wa kabati marehemu alibandika karatasi kwa mkono wake, joto, uchachu, hewa, kipimo cha chuma, maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke tu, si ya bomba, na mwisho, akalipigia mstari, "Chumvi hapana. Sukari hapana." Alimwambia mume wake, "Hawa wanaomba machache kuliko wewe." Mume alifurahi kupita kiasi, kwa kuwa hii ilikuwa orodha, yenye namba, na kulikuwa na kiumbe ndani ya chumba kile ambaye angeishi kama mume angefuata namba.

Alihamisha chupa Jumanne ya tarehe 23 Oktoba, ya tarehe 6 Novemba, ya tarehe 20, ya tarehe 4 Desemba na ya tarehe 18, mara tano, na mara zote tano rangi ya kijani iligeuka kahawia kufikia siku ya tano. Marehemu wakati huo alikuwa hawezi kula zaidi ya vijiko vitatu kwa siku. Kila asubuhi, kabla ya kuulizwa ameamkaje, yeye ndiye aliyeuliza, "Wamekula?" Mume alijibu, "Wamekula," na hilo ndilo jambo pekee jema aliloweza kumwambia kwa ukweli.

Jumanne ya chupa ya mia sita tisini na tatu tangu siku ile ya kijito iliangukia tarehe 1 Januari mwaka huu. Maji ya mvuke yalikuwa yamekwisha, na duka lililouza lilikuwa limefungwa kwa mapumziko. Kwenye meza ya kitanda palikuwa na chupa nne za maji ya dripu, ambazo jirani yetu muuguzi alikuwa amezileta tarehe 30 Desemba, na mume wa marehemu, akiwa hajalala vizuri kwa siku nyingi, lakini hilo halitolewi hapa kama udhuru, alijiambia kwamba maji yanayofaa kuingia kwenye mshipa wa mtu hayawezi kuwa na kasoro kwa mdudu. Alitumia mbili. Alihamisha chupa zote tatu, ili zilingane. Zile za zamani, ambazo karatasi iliagiza ziachwe wiki mbili kama akiba, alizimwaga na kuziosha alasiri ile ile, kwa sababu wageni wa kumjulia hali walikuwa njiani na meza ilihitajika.

Siku ya tano chupa zilikuwa za kijani. Siku ya saba zilikuwa za kijani. Aliongeza hewa, akabadilisha balbu, akapima joto kila saa na kuliandika, na marehemu aliuliza, "Wamekula?" naye akajibu, "Wamekula." Tarehe 10 muuguzi alikuja kumwekea dripu, akahesabu, akasema, "Shemeji, nilileta nne, mbili zimekwenda kutembea?" Shemeji alimweleza jikoni, kwa sauti ya chini. Muuguzi aligeuza moja ya chupa zilizobaki ili lebo imwelekee, akasema, "Lakini hii ni chumvi na sukari, shemeji. Ndiyo kazi yake." Mume wa marehemu amesoma lebo za vifaa vya kupimia kwa miaka thelathini na hakuwa ameisoma ile.

Fundi wa maabara aliitwa, akaja na darubini, akachungulia tone baada ya tone, akasema hakuna kitu kinachotembea. Walikaa wote wawili kwenye ukingo wa karo la kufulia. Kisha fundi akauliza, "Tunamwambiaje?" na mume akasema, "Hatumwambii."

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Januari, marehemu alisema, "Nionyeshe." Mume alimwomba asubiri kidogo apashe chumba joto, akaenda jikoni, akachemsha chai ya majani, akaichuja mara mbili kwa kitambaa, akaongeza maji kidogo kidogo hadi rangi ikalingana na chupa ya Desemba kwenye picha ya simu, akaimimina kwenye chupa namba mbili, akaziba kwa pamba kama inavyotakiwa. Aliishika dirishani kwenye mwanga. Marehemu aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ametazama kitu chochote wiki ile, kisha akasema, "Wameshiba hao," akaomba daftari lake, akaandika mistari michache, akalala. Baada ya siku hiyo hakuuliza tena. Mume aliliona hilo kama nafuu, akadhani ameridhika.

Hali ilibadilika tarehe 19, akapelekwa hospitali tarehe 21, na madaktari na wauguzi wa wodi ile walifanya kila kilichowezekana, nacho kilikuwa kidogo, na hawakukificha. Mume alikaa upande wa kushoto na binti upande wa kulia, kijana akiwa miguuni, na hakukuwa na kipimo cha kurekebisha wala kitu cha kuongeza au kupunguza. Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 26 Januari 2019, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi kumi na siku tisa.

Ndugu waombolezaji, ili tarehe hizi zisomwe kwenu bila kosa, mume wa marehemu alilazimika kufungua madaftari yake, na katika daftari la mwisho, kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi, alikuta yafuatayo, ambayo ameyanakili bila kubadilisha neno.

"12/1. Saa nne asubuhi. Chupa namba 2, mwanga wa dirisha. Rangi imekaribia sana. Hakuna pete ya kutu kwenye kioo. Ni chai. Kisababishi kinachodhaniwa: maji ya dripu (yaliletwa 30/12, uhamisho 1/1). Kipimo cha kumi hakitakuwepo. Wachukuliwe wapya kijitoni, si wale wale, lakini wapo, hao hawajawahi kutuhitaji. Baba watoto alifanya vizuri mara tano. Asiambiwe kwamba nimejua."

Kamati imeshaarifiwa, na imejibu kwa barua fupi ya rambirambi kwamba vipimo tisa si kumi. Kilima kingali wazi, mvua zingali zinanyesha, na kijito asubuhi ya leo kina rangi ile ile aliyoikuta alipozaliwa. Familia haina la kuwaambia wanaokaa bondeni.

Familia inawashukuru madaktari, hasa yule aliyesema ukweli siku ya kwanza, na wauguzi wa wodi, na jirani yetu muuguzi, ambaye anaombwa asijilaumu tena, kwa kuwa alileta dripu kwa ajili ya mgonjwa na si kwa ajili ya kabati. Inawashukuru majirani waliokuja kukaa bila kuzungumza, jambo ambalo marehemu alilipenda kuliko mazungumzo, na uongozi wa chuo, na wanafunzi wake waliobeba viti hivi mlivyokalia. Inamshukuru fundi wa maabara, ambaye juzi Jumatatu, bila kutumwa na mtu, alivaa buti akaenda kijitoni, akapiga magoti mahali pale pale na chupa kumi na mbili, na asubuhi ya leo akasema zote kumi na mbili zimeshaanza kugeuka rangi. Hesabu yao inaanza moja.

Mume wa marehemu ameomba neno moja liongezwe, kwa kuwa halimo kwenye daftari na yeye ndiye pekee anayelijua. Chai ile haikuwa na sukari. Orodha ilikuwa kwenye mlango wa kabati, na safari hiyo aliifuata.

Mama Kutu, lala kwa amani, hii ni kazi yako na imesomwa hadi mwisho.